Mwizi wa Sukari na Mlialia

Mimi ni mtu wa milimani ninayetapika kwenye barabara ya milimani. Nimezaliwa Lushoto, nimekulia Lushoto, na kila safari ya kushuka Mombo nilikuwa na limau mkononi na mfuko wa plastiki kwenye mkoba. Makonda walinijua. Waliniachia kiti cha dirishani bila kuombwa, na haikuwa heshima. Kutoka Lushoto mpaka Soni tumbo langu huvumilia. Kutoka Soni kushuka, barabara inapobanwa kati ya mwamba na korongo, hapo ndipo kila nilichokula hukumbuka njia kiliyoingilia.

Nilikuwa nauza kanda za muziki. Biashara zilikuwa zimefunguliwa siku nyingi, ruksa imezoeleka hadi watoto hawaamini kwamba tuliwahi kupanga foleni ya sabuni. Mitumba ilipanda mlimani kwa marobota, redio mpya zilizuka, na kila kijana mwenye koo alikuwa na wimbo. Nilikuwa na kibanda cha mabati juu kidogo ya soko, redio kaseti moja, na spika mbili nilizouziwa na mtu mmoja kama pacha, ingawa moja ilikuwa na mafua ya kudumu. Nyuma ya kibanda alikaa mama yangu. Macho yake yalikuwa yamefifia, kwa hiyo alichambua maharage kwa vidole na kusikiliza kila kitu.

Kila Jumatano nilishuka Mombo kuchukua mzigo kwa tajiri wa kanda. Kila Jumatano, mwaka baada ya mwaka. Nilikuwa nimechoka. Sitafuti huruma, ila bila kulijua hilo hutaelewa kwa nini mtu mzima na akili zangu niliweka roho yangu mikononi mwa watoto wawili wa televisheni.

Tajiri alikuwa mzee mwenye duka kando ya barabara kuu, pale mabasi ya Moshi yanaposimama na vijana kuyakimbilia na vitunguu. Basi lingeweza kupiga honi mlangoni kwake naye akakuambia mpiga kinanda amekosea wapi. Jumatano moja nilimkuta amemketisha kijana wa Soni kwenye benchi, na mimi akanionyesha nafasi iliyobaki.

Huyo wa Soni ndiye aliyekuwa mpinzani wangu mlima mzima. Baba yake alikuja kutoka Iringa kuchuma chai, akahamia jumla, na mtoto akazaliwa kwenye nyumba za kambi. Aliuza kanda Soni na kwenye mashamba ya chai. Alikuwa na adabu inayochosha. Aliniamkia shikamoo kila tulipoonana, hata siku aliyokuja Lushoto kuninyang'anya mteja mlangoni kwangu.

Tajiri alisema amechoka na sisi wawili kumjazia duka kila Jumatano tukibishana bei ileile. Alitaka wakala mmoja kwa milima yote. Wakala hatashuka tena: katoni zitapakiwa kwenye basi la jioni na kondakta atazikabidhi mlangoni. Yule mwingine atanunua kwa wakala. Wiki ile zilikuwa zinatoka nyimbo mbili mpya, za vijana wawili tuliowajua wakiwa watoto kwenye kipindi cha televisheni. Kila mmoja wetu achukue katoni ya wimbo mmoja. Atakayerudi wa kwanza na katoni tupu, uwakala ni wake.

Nilisikia maneno hayo na tumbo langu likatulia kabla sijaamua chochote. Kutoshuka tena. Niliona Jumatano zangu zimenyooka mbele yangu kama mashuka yaliyoanikwa.

Hapa lazima nieleze habari ya kile kipindi, maana kosa langu lilianzia humo. Televisheni ilipoanza kufika Lushoto, ilifika nusu. Mwenye baa mmoja alinunua seti kubwa, akavuta waya mrefu hadi kwenye mti upande wa kwenda Magamba, akafunga antena juu. Milima yetu ikakataa kupitisha picha. Sauti ilikuja safi kama ya redio ya jirani, ila kioo kilijaa chenga tupu, mwaka mzima, utadhani wanaonyesha mvua ya mawe. Tulilipia soda tukakaa kutazama chenga. Mara nyingine kivuli kilipita, mtu akasema ameona pua, na wenzake wakamwonea wivu.

Jumamosi jioni kulikuwa na kipindi cha mchezo wa kuigiza, nyumba moja yenye watoto wawili. Mmoja alikuwa mtundu, anaiba sukari kabatini na anajua kujitetea hadi baba wa mchezoni anamwomba radhi. Mwingine alikuwa mlialia, anasema kila kitu kwa mama, na akiguswa analia dakika nzima. Waliitana kwa majina ya utani ya vyakula. Sauti zao zilikuwa za kitoto zote mbili. Sisi, kwa chenga zetu, tulijipangia: mwizi wa sukari ni mvulana, mlialia ni msichana. Hatukupiga kura. Ilijulikana tu. Kijana mmoja aliyerudi kutoka Dar es Salaam alitaka kutusahihisha, akasema ni kinyume, yeye ameona kwa macho yake. Tulimwambia mjini wanaona mengi. Hakurudi tena pale baa Jumamosi.

Mama yangu alikuja kusikiliza kila wiki. Hakujali kioo, kwake dunia nzima ilishakuwa chenga. Alimpenda mwizi wa sukari kupita wajukuu wake mwenyewe, na akaishia hapo, hakusema wa kike wala wa kiume. Hakuna aliyemuuliza, hata mimi.

Kipindi kikaisha, watoto wakakua, na sasa kava za kanda zao zilikuwa juu ya meza ya tajiri wa Mombo. Mvulana alipigwa picha akiegemea gari ambalo ni dhahiri halikuwa lake. Msichana alikuwa na miwani mikubwa na mikono kiunoni. Tajiri alipiga wimbo wa mvulana kwanza. Ulikuwa umetengenezwa vizuri: kinanda laini, waitikiaji wawili nyuma, na yeye katikati akimlilia mpenzi aliyepanda basi bila kuaga. Kisha wa msichana. Huo ulikuwa na ngoma kavu, kinanda cha kuazima, na maneno mengi. Alikuwa anamjibu kijana aliyemwahidi simu ya mkononi akamletea kava lake tu, anamuuliza hilo kava alivalishe nini.

Nilicheka. Kwa haki ya masikio yangu, nilicheka. Kama ningekuwa nanunua kitenge ningeshika wa msichana, maana rangi ilikuwa imekolea hata kama mshono umepinda. Lakini basi la Arusha lilisimama mlangoni likiunguruma, vijana wa vitunguu wakapiga kelele, na mimi sikuwa nanunua kwa masikio yangu. Nilikuwa nanunua kwa ajili ya Lushoto, na Lushoto walimpenda mvulana. Mimi, ninayehesabu chenji mara mbili hata kanisani, nilisikiliza mara moja.

"Chagua wewe, dada," kijana wa Soni alisema. "Wewe ni mkubwa. Mimi nitachukua kitakachobaki."

Nilimtazama nikitafuta mtego usoni mwake. Sikuuona, na hilo likanitia wasiwasi zaidi. Nikachukua katoni ya mvulana.

Nina namna yangu ya kupima wimbo mpya. Chini ya kibanda changu kuna akina mama wanaoosha karoti kabla malori hayajapakia. Wanakaa wameinama juu ya mabeseni, mikono ndani ya maji ya baridi tangu asubuhi, na hawana muda wa kukudanganya. Wimbo wakiupenda, mikono huenda haraka na karoti hutoka zinang'aa. Wasipoupenda, huendelea kama kawaida. Sijawahi kuona mikono ikisimama, ila siku ile.

Nilifungulia wimbo wa mvulana kwa sauti yote, pamoja na ile spika yenye mafua. Mikono ikapungua mwendo, ikasimama. Mmoja akainuka, akajifuta mikono kwenye kanga, akaniuliza amefiwa nani. Nikamwambia hakuna msiba, huyu ndiye mwizi wetu wa sukari, amekua na sasa anaimba. Nikawaonyesha kava. Walisogea, wakalitazama lile gari, wakamtazama yeye. Mmoja akasema mtoto waliyemjua asingeachwa na mwanamke bila kuomba nauli ya kumfuatia. Mwingine akasema huyu hana hata mdomo wa kuombea maji. Wakarudi kwenye karoti zao, wakaniacha nimeshika kava.

Nikarudisha kanda mwanzo, nikaipiga tena. Watu wa gulio wakakusanyika na wote wakasikiliza kwa heshima, kama watu waliopita karibu na kaburi. Hakuna aliyenunua. Ndipo mama akaongea kutoka nyuma ya kibanda, kwa Kishambaa, bila kuacha maharage yake.

"Huyo ndiye yule aliyekuwa analia," alisema. "Bado analia. Mwizi ni yule mwingine."

"Mwingine ni msichana, mama."

"Kwani wasichana hawali sukari?"

Nilikaa juu ya katoni. Ilinibeba vizuri, kwa kuwa ilikuwa imejaa.

Habari ilienea sokoni kabla lori la kwanza halijaondoka. Nilidhani watu wangeona haya kidogo, miaka yote hiyo kumwita msichana mvulana. Hawakuona. Walikaa wakajadili na wakatoa hukumu: wachapaji wa Dar es Salaam wamekosea kubandika picha. Fundi wa redio, anayeheshimiwa kwa kuwa na bisibisi, alinifuata akaniagiza nimletee ile kanda yenye picha ya msichana, maana humo ndani ndimo alimo mvulana wetu. Nikamwambia humo ndani alimo ni msichana mwenyewe. Alifikiri kidogo, akasema hata kama, nimletee.

Basi wote walitaka kanda ya mwizi wa sukari, na katoni ya mwizi wa sukari ilikuwa Soni kwa mtu ambaye wazazi wake, niliwaza, waliona televisheni kama binadamu wengine. Wale wa mashamba ya chai walikuwa na klabu kwenye kilima kilichoelekea tambarare, picha kwao ilikuja safi. Wao hawakuwa na la kubishana. Niliona kabisa jinsi kijana yule anavyouza, anavyokunja katoni tupu chini ya kwapa na kushuka Mombo na shikamoo zake. Na mimi nitanunua kwake maisha yangu yote yaliyobaki. Niliuza kanda chache tu wiki nzima, mojawapo kwa Mzungu aliyetoka kutembea Irente, ameshika jibini lake, aliyetaka chochote cha kienyeji. Alilipa bei niliyomtajia mara ya kwanza. Hata furaha ya kupatana sikuipata.

Siku ya gulio lililofuata nilibeba katoni nikashuka mpaka Soni, ambapo tumbo langu linavumilia. Nilijiambia naenda kupeleleza. Nilimkuta kijana amekaa mbele ya duka lake, redio imezimwa. Hilo lilikuwa jambo la kwanza. La pili, nilipomwambia nimepita tu kusalimia, alinivutia kiti haraka mno na kuagiza chai.

Tulizungumza habari za mvua. Tulizungumza habari za bei ya plamsi. Akaniuliza biashara, nikasema Mungu anasaidia. Nikamuuliza, naye akasema hivyo hivyo, wanasaidiwa. Nimepatana na watu wengi maishani, na najua sura ya mtu anayekaa mbele ya mzigo usiotoka. Huwa hautazami. Yeye alikuwa ameufunika wake kwa gunia, kisha akauwekea kikombe juu ili ufanane na meza.

"Hawanunui?" niliuliza.

Alitazama barabarani. "Wa kwako je, dada?"

"Nimeuliza mimi kwanza."

Alicheka kidogo, na uchovu ukamtoka usoni kama vumbi. Akanieleza. Watu wa chai walimfahamu msichana vizuri sana, walimwona kwa macho, walimpenda. Wimbo wake waliusikiliza siku moja wakacheka. Siku ya pili wakamwomba azime. Akauliza kwa nini, na mzee mmoja wa kambini, mtu wa Songea ambaye hajaonana na mke wake tangu chai ya masika, akamjibu kwa niaba ya wote.

"Alisema hivi," kijana aliniambia. "Mchana kutwa tunagombezwa na msimamizi. Turudi jioni tulipie kanda ije itugombeze?"

Walichotaka, alisema, ni ule wa basi. Walikuwa wameusikia redioni. Watu wazima walisimama na vikapu vya chai mgongoni wakausikiliza mpaka mwisho. Kila mmoja ana mtu aliyepanda basi, au yeye ndiye aliyepanda.

Nilikunywa chai yangu taratibu. Nilikuwa na katoni ya watu wake kwenye miguu yangu, naye alikuwa na ya watu wangu chini ya kikombe. Nikasema ningeweza kumsaidia. Akasema hata yeye angeweza kunisaidia. Nikasema kanda yangu ina waitikiaji wawili na yake haina hata mmoja, kwa hiyo tukibadilishana moja kwa moja mimi naumia. Akasema yake ina kava la rangi zaidi. Nikalitoa kava langu, tukahesabu rangi. Mwishowe tulikubaliana moja kwa moja, na chai akalipa yeye. Hakuna kati yetu aliyetaja uwakala. Tulikuwa tunapeana silaha, kila mtu anajua, na tulihesabu kanda mara mbili, mara ya kwanza yeye, mara ya pili mimi.

Lushoto walizimaliza. Akina mama wa karoti waliosha kwa kasi niliyokuwa sijaiona. Fundi wa redio alinunua mbili, akalitazama lile kava la miwani na mikono kiunoni, akanieleza kwa upole kwamba wachapaji wamekosea kweli. Mama nilimpigia kanda hadi upande wa pili ukaisha. Hakucheka. Alisikiliza huku vidole vimetulia kwenye maharage, akasema mtoto amechoka. Nikamwambia ni wimbo wa kuchekesha. Akasema ndiyo, amesikia.

Jumatano nilishuka na katoni tupu. Nilitapika kwenye kona yangu ya siku zote, konda akanipa pole yake ya siku zote, na nilipofika Mombo nikamwona kijana wa Soni amekaa kwenye benchi la tajiri na soda iliyobaki nusu. Kutoka Soni ni karibu zaidi. Nilijua hilo tangu mwanzo, na kwa uchovu sikuwa nimelifikiria. Niliweka katoni yangu mezani kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kuiweka.

"Shikamoo, dada," alisema. "Bado hajaamua. Nimemwambia ukweli, amechanganyikiwa."

Tajiri alikuwa amezishika katoni zote mbili, anageuza hii, anageuza hii. Alisema yeye alimpa huyu msichana, akampa huyu mvulana. Sasa anaambiwa mvulana ameuzwa na aliyepewa msichana, na msichana na aliyepewa mvulana. Sasa aliyemaliza katoni yake ni nani? Kijana aliyefika wa kwanza amemaliza katoni yangu. Mimi niliyefika wa pili nimemaliza yake. Ningeweza kujitetea kama mwizi wa sukari, lakini nilikuwa nimechoka. Nilitaka tu kukaa. Kijana akasogea akaniachia nafasi kwenye benchi.

Wakati mzee akifikiri, alizipiga zile nyimbo tena, moja baada ya nyingine. Hakukuwa na basi mlangoni. Nilisikiliza mara ya pili, kama nilivyopaswa tangu mwanzo. Wa mvulana ulikuwa mtamu kweli, na kilio chake hakikuwa cha kujifanya. Alikuwa amelizwa mbele za watu kila Jumamosi tangu hajaota meno ya utu uzima, akajua kulia vizuri kuliko kitu kingine chochote. Wa msichana ulikuwa na akili zaidi. Lakini kila alipomaliza kumjibu yule kijana wa kava, kulikuwa na pumzi ndogo, fupi, kabla hajaanza jibu lingine. Ndiyo ile aliyoisikia mama. Ilikuwa pumzi ya mtu anayechekesha tangu utotoni na anayejua wiki ijayo atatakiwa achekeshe tena. Naijua pumzi hiyo. Naivuta Soni, kabla ya kona ya kwanza.

"Mtagawana," tajiri alisema hatimaye. "Uwakala ni wenu wote wawili. Wiki hii anashuka huyu anachukua za wote, wiki ijayo yule. Katoni sipakii kwenye basi, mtaniibiana."

Nilijaribu kupatana. Nikasema kama tuko wawili basi kondakta ana mashahidi wawili. Alitikisa kichwa. Nikasema basi iwe mara moja kwa wiki tatu. Akaniambia nyimbo haziozi kwa wiki tatu, ila wanunuzi huoza. Nikakubali, maana nusu ya kutapika ni nafuu kuliko kutapika kuzima, na hilo ukilihesabu mara mbili linatoka vilevile.

Likabaki moja, nani aanze wiki ijayo. Tajiri akatutazama.

"Aanze dada," kijana wa Soni alisema. "Yeye ni mkubwa."

Nilivuka barabara kwa wauza matunda nikanunua malimau mawili, moja la kupandia mlima leo, la pili la kushukia Jumatano.